Bomba la Guka

Wasee, leo hakuna vidio. Nimejaribu kurekodi hii stori mara tatu na kila mara najipata naongea kwa sauti ya chini kama mtu anaficha kitu, basi nimeamua kuiandika. Weka simu kwa chaji, ni ndefu kiasi.

Agosti tulienda ushago, karibu na Runyenjes, kubomoa ghala la guka. Guka alifariki 2009, na ghala lilikuwa halijaona mahindi kwa miaka mingi. Mchwa walikuwa wamekula nguzo za chini na cucu aliogopa litaangukia kuku wake. Kazi ilikuwa rahisi: toa mabati, toa mbao, tenga kuni. Binamu yangu ndiye alipanda juu. Akasema kuna kitu kimefungwa pale mbao za paa zinapokutana, akakivuta, akakitupa chini bila kufikiria. Kikatua na mlio wa chuma.

Nje kulikuwa na gunia la mbolea, lile la plastiki, limefungwa kwa kamba ya katani. Ndani ya gunia, kipande cha blanketi kilichokauka kikawa kigumu kama ngozi. Ndani ya blanketi, bomba la maji. Urefu wake ni kama mkono wangu kutoka begani hadi vidoleni. Lilikuwa limefungwa kwa waya juu ya mti uliochongwa vizuri sana, na mti wenyewe uling'aa pale mahali mtu angeushika. Nyuma ya bomba kulikuwa na komeo la mlango, na vipande vya mpira mweusi vilivyokatika kwa uzee.

"Hiyo ni ya kupulizia kahawa dawa?" mtoto wa anti akauliza.

Hakuna aliyemjibu. Cucu alikuwa amekuja na fimbo yake kuona kelele ni za nini. Akageuza ndoo, akaikalia, akaangalia lile bomba kwa muda mrefu. "Nilijua iko," akasema. "Sikujua ni wapi."

Sasa nikuambie ukweli wa mtu wa kontenti. Kitu cha kwanza kilichonijia akilini hakikuwa guka. Kilikuwa mwanga. Ilikuwa saa kumi na moja jioni, jua linashukia migomba, vumbi la ghala liko hewani, na mimi nawaza vile nitasimama, bomba likiwa begani, uso umegeuka kando. Nilikuwa nimeshainama kulichukua. Anti yangu, ambaye anafanya kazi ya karani kwa ofisi ya wakili Nairobi, alinipigia kelele ambayo bado iko masikioni: "Usiguse! Ukishika tu, ni yako!"

Nilidhani anaogopa litalipuka. Kumbe alikuwa anaongea sheria.

Usiku huo nilisoma mpaka bando ikaisha. Niliacha chuo mwaka wa tatu kwa sababu ya fii, na somo langu lilikuwa historia, kwa hivyo huwa na hii tabia ya kutaka kujua kila kitu kilianzia wapi. Hebu nianze na sheria ya leo.

Tuko na Sheria ya Silaha, Sura ya 114, ambayo ni ya tangu 1954. Uangalie huo mwaka, tutaurudia. Kwa macho yake, bunduki ni silaha yoyote ya mtutu inayoweza kuua kwa kutoa risasi au kitu kingine kama hicho. Haiulizi kama ilitoka kiwandani Urusi au iliundwa na fundi wa kijijini. Na kifungu cha 4 kinasema hakuna mtu ataruhusiwa kununua, kupata au kuwa na bunduki au risasi bila cheti. Cheti hutolewa na Bodi ya Leseni za Bunduki, nayo hukipa mtu aliyeonyesha sababu ya maana na ambaye bodi inaona si hatari kwa wengine. Wale walionavyo waliambiwa 2018 warudi wapigwe msasa upya. Bomba la guka halina namba, halina kampuni, halina saizi ya risasi. Hata ukitaka kufuata sheria, fomu utaijaza vipi?

Hiyo ni sheria moja. Ya pili ni Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 89, ambacho kinamhusu mtu aliye na silaha bila sababu inayokubalika, katika hali inayofanya watu waone anataka kuvuruga usalama. Hiyo ni miaka 7 hadi 15. Halafu ndani ya ile ya kwanza kuna kifungu kingine cha bunduki za kivita kama AK-47, na hicho kinafika kifungo cha maisha. Kwa hivyo chuma kimoja kinaweza kuangukia karatasi mbili au tatu, na atakayeamua ni ipi si wewe. Ni mwendesha mashtaka.

Ya tatu ndiyo ilinichekesha, kile kicheko cha kukosa la kusema. Nilikuwa nimeshajiambia kwamba hii ni historia, si silaha, na historia iko na sheria yake. Ni kweli iko. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya 2006 inalinda vitu vya kale. Lakini kitu cha kale, kwa maandishi yake, ni kilichotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya 1895. Huo ndio mwaka Uingereza ilitangaza hapa ni himaya yake. Yaani Mwingereza alipofika ndipo ukale uliisha! Bomba la guka ni la 1953 hivi. Waziri anaweza kutangaza kitu cha baadaye kilindwe, sawa, lakini hilo linamhitaji waziri, na sisi tulikuwa na kuku na mbao chini.

Watu wa Embu tunajua sheria zikigongana. Mei 2024 kaunti za pwani zilipopiga marufuku muguka, serikali ya kitaifa ikasema muguka ni zao halali kisheria, na mahakama kuu hapa Embu ikasimamisha ile marufuku. Kila mtu mtaani alikuwa wakili wiki hiyo. Lakini pale unaweza kuona pande mbili zinavutana, gavana huku, gava kule. Kwa bunduki hakuna kaunti, usalama ni wa Nairobi peke yake. Sheria zote zinatoka nyumba moja na bado zinakugonga kutoka pande tatu.

Turudi nyuma sasa.

Bunduki kuwa kitu cha watu fulani tu si jambo la juzi. 1890 mataifa ya Ulaya yalikaa Brussels yakakubaliana kuzuia bunduki zisiingie sehemu kubwa ya Afrika, kutoka latitudo ya 20 kaskazini hadi ya 22 kusini. Mkataba wenyewe ulikuwa wa kumaliza biashara ya watumwa, na hilo silipingi. Ila hesabu ukubwa wa hilo eneo kwa ramani halafu uangalie kilichofuata. Miaka 16 baadaye, 1906, jeshi la Mwingereza lilikuja Embu likiwa na bunduki likakuta mikuki na mishale. Vita havikuchukua muda. Meru wakafikiwa mwaka mmoja au miwili baadaye. Baada ya hapo setla angeweza kuwa na bunduki ya kuwinda na ya kujilinda. Mkulima wa Embu au Meru alikuwa na panga.

Halafu ikaja ile wazee wetu wanaita Imanjensi. Hali ya Hatari ilitangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Sasa shika hii vizuri, kwa sababu ndiyo niliyokosa kufundishwa shule ya upili, na labda hata wewe ulikosa. Tulifundishwa Mau Mau waliingia msituni, wakapigana, uhuru ukaja. Hatukufundishwa kwamba hapo katikati kulikuwa na sheria mbili za bunduki kwa wakati mmoja. Kulikuwa na ile ya kawaida ya leseni, na ukiivunja unapigwa faini au unafungwa. Na kulikuwa na kanuni za Hali ya Hatari, ambazo kwazo kupatikana na bunduki au risasi bila ruhusa ilikuwa kamba. Kunyongwa. Si kwa kuipiga, ni kwa kuwa nayo tu.

Mwanahistoria David Anderson alipitia faili za hizo kesi. Hesabu yake ni kwamba watu 1,090 walinyongwa. Kati yao 346 walikuwa wamehukumiwa kwa mauaji. Waliohukumiwa kwa kupatikana na silaha au risasi ni 472. Waliopatikana na ushirika na watu wenye silaha ni 210, na waliolisha watu kiapo ni 62. Soma tena hizo namba polepole. Walionyongwa kwa kushika ni wengi kuliko walionyongwa kwa kuua.

Na wakati huo huo, kijiji hicho hicho, jirani yako aliyejiunga na homugadi, wale wazee huwaita ngati, alipewa bunduki na serikali. Milima ile ile, mvua ile ile, vijana wa rika moja waliotahiriwa pamoja. Mmoja akiwa na bunduki ni askari, mwingine akiwa na bomba la maji ni maiti inayotembea. Sheria haikuangalia chuma, iliangalia mkono. Na ilikuwa imeandika kabila kabisa, kwa sababu kwenye makaratasi ya serikali tulikuwa kundi moja, Kikuyu, Embu na Meru, na ile operesheni kubwa ya Nairobi ya Aprili 1954 ilikamata watu kwa hiyo orodha.

Hayo mabomba sasa. Wapiganaji wa Mlima Kenya hawakuwa na mtu wa kuwatumia silaha kutoka nje. Walipora chache kutoka kwa polisi na maboma ya homugadi, na nyingine wakaziunda kwa mabomba ya maji, makomeo ya milango na mpira wa ndani wa gurudumu. Mara nyingine zilimuumiza aliyeshika kuliko aliyelengwa. Sitaenda ndani zaidi ya hapo, hii si darasa la ufundi. Ninachotaka uone ni kwamba mtu alijua kifaa chake kinaweza kumpasukia usoni, alijua akikamatwa nacho atanyongwa, na bado akakaa usiku akichonga mti uwe laini pale mkono unashika. Guka ndiye alichonga viti vyote vya nyumba yetu. Nilijua hiyo kazi nilipoiona.

Sasa hapa ndipo anti yangu alinipatia kichwa cha hii stori yote. Kesho yake asubuhi tukinywa chai nilimwambia, sawa, basi tuirudishe, nitaweka kwa begi nipande boda mpaka kituoni. Akaniangalia kama mtoto. "Na ukisimamishwa njiani, utasema nini?"

Fikiria hiyo. Kurudisha bunduki lazima mtu aibebe. Kubeba ndiyo kosa. Kati ya nyumba yako na meza ya polisi kuna barabara, na kwa hiyo barabara yote wewe ni mhalifu anayeenda kutii sheria. Gava hutangaza msamaha mara kwa mara, hasa kaskazini, kwamba ukirudisha kabla ya tarehe fulani hutashtakiwa. Huku kwetu hakukuwa na tarehe yoyote. Kulikuwa na imani tu kwamba askari utakayekutana naye ameamka vizuri.

Hiyo barabara imekula watu. Agosti 1953 serikali ilitoa nafasi ya kujisalimisha, utoke msituni umeshika tawi bichi. Waliotoka walikuwa wachache, kwa sababu nani angeona hilo tawi kwanza kabla ya kuona silaha? Januari 1954 akakamatwa Waruhiu Itote, Jenerali China, aliyeongoza wapiganaji wa Mlima Kenya, yaani upande wetu huu. Alihukumiwa kifo, na makosa hayakuwa kuua. Yalihusu risasi na kuwa pamoja na watu wenye silaha. Halafu serikali ikambadilishia kifungo kwa sababu alikubali kuwaandikia wenzake waje wazungumze. Wakaja kweli. Lakini mapema Aprili 1954, wakati mpango wa watu wengi kujisalimisha ulikuwa unaiva, jeshi likagongana na kundi lililokuwa nje ya msitu upande wa Nyeri, na wapiganaji zaidi ya 20 wakauawa. Waliobaki wakarudi milimani. Mazungumzo yakafia hapo.

Na Kimathi mwenyewe. Unajua alinyongwa. Unajua kwa kosa gani? Nimeuliza marafiki zangu 11 hili swali na wote wakasema uhaini, au mauaji, au kuongoza Mau Mau. Mtu ambaye serikali ilimtafuta kuliko wote alishtakiwa kwa kupatikana na bastola moja na risasi 6. Basi. Alipigwa risasi akakamatwa asubuhi ya tarehe 21 Oktoba 1956, kesi ikasikizwa Nyeri mbele ya jaji mkuu O'Connor, na tarehe 18 Februari 1957 akanyongwa Kamiti. Utetezi wake? Kwamba alikuwa njiani kujisalimisha. Mahakama haikumwamini. Sijui moyoni mwake alikuwa anaenda wapi asubuhi hiyo, lakini nimeona kwamba hata yeye alikamatwa kwa ile barabara ya anti yangu, kati ya msitu na ofisi, kitu kikiwa mkononi.

Guka alikuwa mjanja kuliko wote, au mwoga kuliko wote, mtaamua wenyewe. Hakuirudisha. Cucu alituambia hiyo wiki mambo ambayo hata watoto wake hawakuwa wameyasikia. Guka alitoka msituni 1955 mikono mitupu, akasema alikuwa anabeba chakula tu. Bomba lilikuwa limezikwa. Alipelekwa kambi za Mwea, ambayo siku hizo ilikuwa sehemu ya wilaya ya Embu. Ukila pishori ya Mwea, ujue ile mifereji ya kwanza ilichimbwa na wafungwa kama yeye. Huko kazi ya mabwana wa kambi ilikuwa kukufanya ukiri. Walitaka kiapo ulichokula, watu uliowaona, na swali halikukosa: silaha iko wapi? Alipigwa. Alikiri kiapo. Alitaja watu waliokuwa wamekufa tayari. Bomba hakulitaja, kwa sababu wengine walikuwa wamekiri silaha wakidhani ukweli utawaokoa, na hawakuonekana tena kambini.

Akarudi 1958, akamwoa cucu, akajenga ghala baada ya Hali ya Hatari kwisha. Na siku moja, cucu hajui ni lini, alilifukua akalipandisha juu. Lile gunia la plastiki ndilo linanisumbua. Magunia ya vile hayakuwa enzi za msituni. Ina maana kuna siku, nikiwa sijazaliwa, mzee mwenye shamba la kahawa na watoto shuleni alipanda ghalani, akashusha bomba, akaona blanketi linaoza, akatafuta gunia zuri, akafunga upya, akarudisha. Hakuna hata mtoto mmoja aliyemwona.

Kwa nini hakulitoa 1963? Desemba hiyo wapiganaji wa Meru na kwingine walitoka msituni na serikali mpya ikawapokea. Jibu nadhani lina jina, na ni jina la Meru: Baimungi. Alikuwa kati ya makamanda wakubwa wa huko. Alitoka wakati wa uhuru, akaona ardhi waliyopigania inaenda kwa watu wengine, akarudi msituni na watu wake. Mwanzoni mwa 1965 akauawa, na safari hii si na Mwingereza. Ni maaskari wa Kenya huru. Habari za kifo chake zilifika kila nyumba ya pande hizi iliyokuwa na kitu kwenye paa.

Tena chama chenyewe kilikuwa bado haramu. Marufuku ya Mau Mau ya 1950 ilibaki kwenye vitabu wakati wa Kenyatta, wakati wa Moi, mpaka 2003 Kibaki alipoiondoa. Miaka 40 ya uhuru! Guka aliishi miaka 6 akiwa shujaa halali. Bomba lake halikutajwa kwenye tangazo lolote. Na 2007 gava ikasimamisha sanamu ya Kimathi katikati ya Nairobi, ile mnapigia picha mkienda tauni. Angalia mkono wa kulia ameshika nini.

Basi, familia. Baba mdogo alitaka litupwe mto Ena usiku. Binamu alisema kuna watu wa nje wanalipa vizuri kwa vitu kama hivyo, tukamnyamazisha wote kwa pamoja. Mimi nilitaka liende Makumbusho ya Meru. Yako kwenye jengo la zamani la ofisi ya DC, na nilipenda hiyo picha, bomba la guka limelala kwa kioo ndani ya ofisi ya mkubwa aliyemtafuta. Anti akauliza tu, "Runyenjes mpaka Meru, ukipita Chuka na Nkubu, kuna vizuizi vingapi vya polisi?" Nikaacha. Kinachoniuma ni kwamba London, kwenye jumba la Imperial War Museum, kuna bunduki kama hizo za wapiganaji wetu, na huko hakuna mtu anazichoma. Zinazorudishwa huku huishia kwa moto. Novemba 2016 zilichomwa 5,250 Ngong kwa siku moja, na najua nyingi zilikuwa za wezi wa mifugo na majambazi, na sizililii. Lakini moto haubagui.

Tulichofanya ni hivi, na kama kwenu kuna kitu kama hicho, usikiguse, usipige selfi nacho, usikisogeze hata mita moja. Anti aliongea kwanza na wakili wake. Kisha akampigia simu asistanti chifu akamweleza kila kitu, saa aliyopiga akaiandika kwa daftari, na tukaacha bomba pale pale lilipoanguka, limefunikwa na karai, cucu akilinda kwa fimbo ili kuku wasichakure. Wao ndio walikuja. Hiyo ndiyo hila yote. Badala ya sisi kupita ile barabara, tuliwaacha wao waipite.

Walikuja watatu, asistanti chifu na polisi wawili. Yule mdogo alikuwa rika langu. Alichuchumaa akaliangalia akasema, "Hii ilikuwa inafanya kazi kweli?" Cucu, bila kuinuka kwenye ndoo, akanyoosha mikono mitupu. Mkono wa kushoto mbele, wa kulia ukavuta kitu kisichoonekana nyuma mpaka karibu na sikio, kidole gumba kimekunjwa kwa njia ambayo huwezi kuikunja kama hujawahi. Halafu akaachilia. Baba mdogo aliangalia chini. Polisi naye akasahau alikuwa anauliza nini.

Wakalifunga kwa lile lile blanketi. Mkubwa akatoa kijitabu aandike, ili kituoni ipewe namba ya OB. Akauliza jina.

"La nani?" cucu akauliza.

"La mwenye nayo, cucu."

Akamtajia majina yote matatu ya guka, polepole, na la mwisho akalirudia. Polisi akauliza mzee ako wapi. Cucu akaonyesha kwa fimbo pale kwa migomba.

Polisi akakata alichokuwa ameanza kuandika, akamgeukia baba mdogo, akamwomba kitambulisho.